Deni la Dinari Mia



Kuna swali ambalo wengi wetu hatuliulizi kwa sauti, hasa mbele ya padre, kwa kuogopa kuonekana hatuna imani. Swali lenyewe ni hili: ninapomsamehe mume wangu, au mke wangu, je, nalazimika kusema kwamba alichonitendea kilikuwa kitu kidogo? Maana ndivyo tunavyoshauriwa mara nyingi. Tunaambiwa, "Samehe, hilo ni jambo dogo, wenzako wamevumilia makubwa zaidi." Na yule aliyeumizwa, ambaye anajua vizuri kabisa kwamba jambo si dogo, anabaki na njia mbili tu. Ama aseme uongo aitwe Mkristo mwema, ama aseme kweli aitwe mwenye moyo mgumu.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo yeyote kati yetu angeweza kuishi ndani yake. Mume ni mwajiriwa, na ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo pale kazini. Rafiki yake anamwomba awe mdhamini wa mkopo wake. Anatia sahihi bila kumwambia mkewe, kwani anajua mke atakataa. Baada ya miezi michache rafiki anaacha kazi, hapatikani kwa simu, na chama kinaanza kukata mshahara wa mdhamini. Mume hasemi neno. Karo ikikosekana anasema mshahara umechelewa. Mtoto akirudishwa nyumbani anasema mwalimu mkuu ana haraka isiyo na maana. Mke anauza kuku, anakopa kwa dada yake, anaacha kununua nyama, na huku anamtetea mumewe mbele ya watu. Mwaka mzima unapita hivyo. Kisha siku moja, akitenga nguo za kufua, anakuta hati ya mshahara katika mfuko wa shati, na pale anayasoma mambo yote kwa tarakimu.

Wazee wa pande zote mbili wanaitwa. Chai inanywewa. Mume anainamisha kichwa na kusema shetani alimpitia. Mzee mmoja anatamka yale yanayotamkwa daima, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wasimamizi wa ndoa wanamwuliza mke kama amesamehe, naye anajibu ndiyo. Watu wanasali, wanaondoka. Kuanzia jioni ile nyumba inaingia baridi. Bwana na bibi hawasemezani ila kwa kumtuma mtoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba."

Mimi simlaumu sana huyo mama. Aliulizwa kama amesamehe deni ambalo hakuna mtu aliyekubali kulihesabu. Methali aliyotolewa ni nzuri, lakini anayestahili kuitamka ni mwenye jeraha, si aliyejeruhi, wala si wale wanaotaka kuwahi matatu ya mwisho. Tena watu huisahau nusu yake ya pili. Kuganga ni kutibu, na hakuna mganga atibuye kidonda bila kukifunua.

Bwana wetu Yesu Kristo aliulizwa na Petro kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba. Alijibu kwa hesabu kubwa zaidi, kisha akatoa mfano wa madeni, ambao tunaukuta katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Tumeusikia mara nyingi kanisani hata masikio yamezoea. Mtumishi mmoja ana deni la talanta 10,000 kwa mfalme, naye anasamehewa lote. Akitoka nje anamkuta mtumishi mwenzake ambaye anamdai dinari 100. Anamkaba koo na kumtia gerezani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Tunaona hivyo katika sura ya 20 ya Injili hiyohiyo, pale mwenye shamba la mizabibu anapopatana na wafanyakazi wake. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi talanta 10,000 ni ujira wa siku milioni 60. Mtu anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 ili kulimaliza deni hilo. Pengine waliomsikiliza Yesu walicheka waliposikia kiasi hicho. Ndicho kipimo cha deni letu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Lakini wahubiri wengi wakifika kwenye zile dinari 100, huziita vijisenti. Hapo sikubaliani nao. Dinari 100 ni ujira wa siku 100. Ukiondoa Sabato katika kila juma, ni karibu miezi minne ya jasho. Mwulize mchuma majani chai wa Kericho, au kijana wa mjengo kule Nairobi, kama malipo ya miezi minne ni vijisenti. Ni karo, ni kodi ya nyumba, ni dawa za mzazi. Yesu angeweza kusema dinari moja au mbili, nasi tungeelewa mfano vilevile. Hakusema hivyo. Alitaja kiasi ambacho kinauma.

Kwa hiyo Injili haimwambii yule mama kwamba hakukosewa, wala kwamba alikosewa kidogo. Deni lake ni la kweli na limehesabiwa: dinari 100 kamili. Hapo tu ndipo anapoombwa alitazame akiwa amesimama karibu na ile milioni 60 aliyofutiwa yeye mwenyewe. Rehema ya Kikristo haianzi kwa kupunguza hesabu ya kosa.

Kuna neno jingine katika mfano huu ambalo huwa tunaliruka. Kati ya wadeni hao wawili, hakuna hata mmoja aliyeomba kusamehewa. Wote waliomba muda. Walisema karibu maneno yaleyale, kwamba wavumiliwe nao watalipa. Kwa yule wa talanta ahadi hiyo ilikuwa ndoto tupu. Lakini yule wa dinari 100 alikuwa akisema jambo linalowezekana. Kwa kulipa kidogokidogo, mwaka mmoja au miwili ungetosha. Basi yule mtumishi mwovu hakukataa tu kulifuta deni, alikataa hata kungoja. Tena kwa kumfunga mwenzake alihakikisha kwamba deni halitalipwa kamwe, maana mfungwa hapati kibarua.

Je, si ndivyo tufanyavyo nyumbani? Mume aliyekosa anaanza kurudi mapema. Anaiweka hati ya mshahara mezani kila mwisho wa mwezi bila kuulizwa. Mke anaitazama na kusema, "Leo ndiyo umekumbuka una watoto?" Huo ni mkono kooni. Au tugeuze upande, kwa sababu kina mama nao hukosa. Mke amekuwa akiyatangaza mambo ya chumbani mwake kwa dada zake, mpaka shemeji wanamcheka mume. Akijua kosa lake anaomba radhi, naye anajizuia sasa, hata akipigiwa simu anayakatiza mazungumzo. Mume anasema kwa kejeli, "Umenyamaza? Maneno yamekwisha leo?" Huo nao ni mkono kooni. Aliyekosa hawezi kulipa huku amekabwa. Kabla hatujafikia kusamehe kwa moyo wote, jambo ambalo laweza kuchukua muda mrefu, kuna rehema ndogo iliyo karibu zaidi, nayo ni kulegeza vidole ili mwenzako apate pumzi ya kutengeneza alichoharibu.

Nawageukia sasa mliokosa, maana ninyi hupenda ukurasa kama huu usomwe na wenzenu. Deni likisamehewa halipotei hewani. Kuna anayelibeba. Mfalme alipozifuta zile talanta, hazina yake ilipungua kwa kiasi hichohicho. Yule mama akisamehe, kuku wake hawarudi, na aibu aliyoipata kwa dada yake hairudi nyuma. Amelipa yeye. Kwa sababu hiyo msamaha hauombwi kwa amri. Nimewasikia waume wakisema, na wake vilevile, "Wewe si Mkristo? Basi nisamehe." Ni kama mdeni kumpelekea mdai wake ankara.

Lililo lenu ni kuanza kuhesabu ninyi wenyewe, tena kwa ukamilifu. Hakuna kitu kinachoua ndoa taratibu kama kukiri kwa mafungu. Leo ni shilingi elfu 20, baada ya wiki mbili inajulikana zilikuwa 60, na mwisho wa mwezi inaonekana kuna mkopo wa pili. Kila fungu jipya linaufuta msamaha wa jana, maana mwenzako anaona alisamehe kitu ambacho hakukijua. Na pale ambapo kosa ni la uzinzi, kuna ukweli mmoja usioweza kungoja hata siku moja, nao ni ule unaohusu afya. Mwenzi wako ana haki ya kujua, na ninyi wawili mwende mkapime virusi vya ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Anayedai kupimwa kabla ya kurudia unyumba hajakataa kusamehe.

Wapo pia wanaodhani kwamba wakishaungama kwa padre mambo yamekwisha. Sakramenti ya Kitubio inatuondolea dhambi, na hilo ni kubwa kuliko lolote tunaloweza kujifanyia. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha wazi kwamba aliyeondolewa dhambi bado anapaswa kurekebisha madhara yake kadiri awezavyo: arudishe alichoiba, aisafishe sifa ya aliyemsingizia, afidie aliyemwumiza. Mume anayetoka kwenye kitubio Jumamosi jioni akiwa mwepesi wa moyo, lakini mkewe hajasikia neno lolote kutoka kwake, ameacha kazi katikati.

Sasa tufike kwenye lile linalowasumbua wengi zaidi, yaani kuaminiana. Watu huchanganya kusamehe na kuamini, na kutokana na mchanganyiko huo hutokea ugomvi wa kila siku. Mume anasema, "Kama ulinisamehe, mbona bado unaniuliza pesa ziko wapi?" Mke naye anajiona mnafiki kwa kuwa anauliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kushtuka si dhambi. Msamaha waweza kutolewa siku moja, lakini imani huvunwa kama mahindi: hupandwa, ikasubiriwa mvua, ikapaliliwa.

Msomeni Yosefu katika Kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake walimwuza kwa vipande 20 vya fedha. Miaka mingi baadaye njaa inawaleta Misri kununua nafaka, nao wanainama mbele ya mkuu wa nchi wasijue ni nani. Yosefu anawatambua mara moja. Je, anawakumbatia palepale? La. Anawahoji kwa ukali. Anamzuia Simeoni, anawataka wamlete Benyamini, na mwishoni anaagiza kikombe chake cha fedha kifichwe katika gunia la huyo mdogo. Ukisoma haraka utadhani analipiza kisasi. Lakini msimulizi anatueleza kwamba mara kadhaa Yosefu aligeuka pembeni, au akaingia chumbani, akalia. Mtu anayelipiza kisasi halii hivyo. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuwaelekea, ila alihitaji kuona kama hawa ndio walewale. Na jibu alilipata kwa Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza. Safari hii Yuda alijitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, ili baba yao asife kwa huzuni. Hapo Yosefu hakuweza kujizuia tena.

Yule mama anayetaka kuiona hati ya mshahara kila mwezi anafanya kama Yosefu. Mume asimwone kuwa askari. Ampe hati, tena kwa uso mkunjufu, na kila mwezi utakaopita hivyo utakuwa neno moja la Yuda. Mke naye ajichunguze. Mtihani una mwisho. Yosefu hakuwaweka ndugu zake kwenye majaribu kwa maisha yao yote, na siku Yuda aliposema alichosema, aliwatoa watumishi nje akawaambia yeye ni nani. Ukiona mwenzako ameshajibu vizuri mara nyingi na bado unatunga maswali mapya, jiulize unatafuta nini.

Kuhusu kusahau, sina mengi. Msemo wa "samehe usahau" haumo katika mafundisho ya imani yetu kwa maana ya kufuta kumbukumbu. Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari mikononi mwake. Hazikufutika, lakini hazikutumika kumshtaki mtu yeyote. Mwenye kumbukumbu anaweza kuishi na amani. Kinachokatazwa ni kutoza riba, yaani kulileta kosa lilelile kila mkizozana kuhusu chumvi kwenye mboga, kulitaja mbele ya watoto, kuligeuza unyumba kuwa adhabu, au kulipeleka kwenye chama cha kina mama au kwenye meza ya pombe. Ukihitaji mtu wa kumweleza, na kwa kweli utamhitaji, chagua mmoja au wawili wasio na mdomo mwepesi: paroko wako, au wasimamizi wenu wa ndoa kama ni watu wa busara.

Hapa lazima niseme jambo kwa ukali kidogo. Yote niliyoandika yanahusu nyumba ambamo mtu anaweza kulala salama. Mke anayepigwa, au watoto wanaotishwa kwa panga, wasiambiwe na mtu yeyote, awe mzee wa kanisa, mama mkwe au mwenyekiti wa jumuiya, kwamba rehema ya Kikristo inawataka wabaki pale. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba yule anayehatarisha vikali roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Uamuzi huo hutolewa na mamlaka ya Kanisa ya mahali pale, na ikiwa kukawia ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba kuna nyakati ambapo kutengana kunakuwa hata wajibu, ili kumwondoa mnyonge katika mikono inayomdhuru. Na hapa kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Kifungo cha ndoa kinabaki, na msamaha unaweza kuja kwa wakati wake, kutoka mbali, kwa mtu ambaye hana jeraha bichi. Mkono ulio kooni mwa mwenzake katika nyumba hiyo ni wa nani? Yule anayepiga ndiye anayepaswa kuambiwa alegeze.

Kwa uzinzi, kanuni inayotangulia hiyo, yaani ya 1152, ina sauti ambayo wengi hawaitarajii. Kanisa linamsihi sana mwenzi asiye na hatia, kwa upendo wa Kikristo na kwa faida ya familia, asimnyime mwenzake msamaha wala asiyavunje maisha ya pamoja. Linamsihi tu, kwani palepale linatambua haki yake ya kutengana ikiwa hajaliachilia kosa hilo. Nawaomba viongozi wa jumuiya waisome kanuni hiyo kabla ya kwenda kukalisha watu vikao. Wakumbuke kwamba wao pia kazi yao ni kusihi.

Narudi kwa Yosefu mara ya mwisho, kwa sababu ya jambo lililo mwishoni kabisa mwa kitabu, katika sura ya 50, ambalo naona liliandikwa kwa ajili ya watu waliosameheana zamani. Yakobo aliishi Misri miaka 17 pamoja na wanawe wote. Katika miaka hiyo ndugu walikula chakula cha Yosefu na kulisha mifugo yao katika nchi aliyowatafutia. Siku Yakobo alipokufa na kuzikwa, hofu ikawashika upya. Walisema moyoni kwamba labda Yosefu alikuwa akingoja tu baba afe ili awalipe maovu yao. Wakamtumia ujumbe, eti baba kabla ya kufa aliagiza wasamehewe. Miaka 17, na bado hawakuwa na hakika!

Yosefu aliposikia ujumbe huo alilia. Hakuwauliza kwa nini wanayafukua ya zamani, wala hakuwaambia kwamba jambo hilo lilikwisha siku nyingi. Aliwaambia upya wasiogope, akasema nao kwa upole mpaka mioyo yao ikatulia, na akaahidi kwamba ataendelea kuwalisha wao na watoto wao.